Kumwombea Aliyeshika Usukani

Madale, Dar es Salaam
10 Februari 2024

Mdogo wangu Cyprian,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua hii ikukute na uzima, wewe na wifi Monica na mwanetu Editha. Sie huku tunakwenda. Mama ametuma salamu kutoka Ndanda. Mguu wake umeanza kukubali kukanyaga, ingawa kanisani bado anapelekwa na bodaboda, na anaona aibu. Shemeji yako Nikodemu anakohoa vumbi la mpingo. Nimemwambia ajifunge kitambaa puani anapochonga, anasema kinyago hakijawahi kumuua mtu. Mvua imekula barabara yetu, magari madogo yanaishia bondeni.

Nimekupigia sana hupokei. Wifi akaniambia huko kazini mmekatazwa simu. Nikaona nikuandikie kama zamani ulipokuwa shule ya bweni. Recho wa baba mdogo anapeleka korosho Dodoma, atakufikishia, na majibu umpe yeye.

Sasa jambo lenyewe. Jumuiya yetu bado inakutana Jumamosi asubuhi, nyumba kwa nyumba. Mwezi uliopita mwenyekiti wetu, Mzee Gregori, alituambia kwamba tunaposema "tuwaombee viongozi wetu" tunakuwa kama mtu anayemsalimia jirani huku anatazama pembeni. Mtume Paulo hakuagiza hivyo. Basi tumeamua kila wiki tunamchukua mtumishi mmoja wa serikali, tunamtaja jina na kazi yake, tunamwombea huyo huyo. Tumeanza na nesi wa zahanati. Wiki iliyofuata tukamchukua mtendaji wa mtaa, na hapo wengine wakanuna. Fundi umeme wetu, Sebastian, yule wa mtaa wa nyuma, akasema, "Mnataka kuwaombea wazuri tu? Mzuri anahitaji nini?" Tukacheka, tukamwombea.

Jumamosi ijayo nataka tukuombee wewe. Wifi anasema wamekutoa idara ya maji wamekupeleka ofisi nyingine, lakini hajui ni ipi. Mke hajui mumewe anafanya kazi wapi. Hilo nalo ni la kuombea. Niandikie: unafanya nini sasa, na tukuombee nini?

Dada yako,
Bernadeta


Dodoma
3 Machi 2024

Dada Bernadeta,

Shikamoo. Barua yako nimeipata. Huku ni wazima. Editha ameota meno ya mbele, anang'ata kila kitu. Mwambie Mama nitakuja Pasaka, kama ruhusa itapatikana. Mpe pole shemeji kwa kikohozi.

Kazi ni udereva tu, dada. Naendesha, nasubiri, naendesha. Siku nyingine tunasafiri mbali. Ofisi haina haja ya kutajwa.

Kuniombea, niombee. Ila usitaje jina wala idara. Sema "mtumishi mmoja," Mungu atajua. Na tafadhali msiyaweke mambo hayo kwenye grupu la jumuiya la WhatsApp. Mnavyoomba kwa majina mnaona ni kitu kizuri, lakini jina likishatoka mdomoni hujui linakwenda kwa nani.

Kama unataka jambo la kuombea, omba nipate usingizi.

Mdogo wako,
Cyprian


Madale
4 Mei 2024

Mdogo wangu Cyprian,

Amani iwe kwako. Pasaka tulikungoja. Mama alikuja kutoka Ndanda na kuku wake wawili ndani ya kikapu; mmoja tulimla, mwingine Mama amekataa achinjwe mpaka utakapokuja. Nikodemu hajambo.

Huku kwetu kumeingia jambo ambalo tangu litokee nafunga geti mchana. Sebastian, yule fundi umeme niliyekuandikia, amechukuliwa.

Mwezi Machi kulikuwa na mkutano wa mtaa. Kile kiwanja tulichotengewa cha zahanati kimezungushiwa mabati na hakuna anayesema ni nani ameyaweka. Sebastian akasimama akauliza. Hakutukana mtu. Aliuliza tu, "Nani ametoa kibali?" Mtendaji akasema atafuatilia, mkutano ukafungwa.

Baada ya Pasaka, Jumanne mchana, ikaja gari nyeupe isiyo na namba mpaka kwenye banda lake la kazi. Mwamvita anayeuza chapati pale mkabala aliona yote. Walishuka wanaume watatu. Mmoja akamwambia kwa upole kabisa, "Braza, twende tukaongee kidogo, tutakurudisha." Sebastian akauliza wao ni kina nani. Wakamshika. Dereva hakushuka. Alibaki kwenye usukani, amevaa barakoa na kofia, anatazama mbele. Mwamvita anasema hakugeuza shingo hata kidogo.

Mkewe, Gladness, amezunguka vituo vyote, Boko, Tegeta, mjini. Kila mahali anaambiwa hakuna mtu wa jina hilo. Mie nimekwenda naye mara kadhaa. Yule wa mezani anafungua kitabu, anapitisha kidole, anasema hayupo, na unaona macho yake hayasomi.

Jumuiya imepungua nusu. Jumamosi iliyopita tulisali kwangu. Tulipofika kwenye maombi ya watumishi wa serikali hakuna aliyetaka kumtaja mtu. Basi Gladness akapiga magoti sakafuni, akaomba. Nakuandikia maneno yake kwa sababu hayanitoki:

"Bwana, waliomchukua mume wangu walikuwa kazini. Nao ni watumishi wa serikali. Wana wakubwa wao, wana wake, wana makanisa na misikiti wanakosali. Leo naomba zamu iwe yao. Yule aliyetoa amri, umtie hofu yako. Waliomshika, wasimpige. Na yule aliyeshika usukani, umguse wa kwanza, maana yeye mikono yake haijamgusa bado."

Mzee Gregori ndiye aliyesema amina, peke yake.

Neno moja kabla sijafunga. Recho anasema wiki ile ile alikuona Tegeta, unanunua maji dukani. Nimemwambia amekosea, huwezi kufika Tegeta usipande Madale kuniona.

Dada yako,
Bernadeta


Dodoma
19 Mei 2024

Dada,

Shikamoo. Nashukuru kwa habari za Mama. Kuku mchinjeni tu.

Recho amekosea. Watu tunafanana.

Habari ya huyo fundi imenisikitisha. Lakini nakuomba, na sijawahi kukuomba kitu namna hii: acheni hayo maombi ya majina. Kila mtu asali nyumbani kwake, mlango umefungwa, kama Injili yenyewe inavyosema. Mzee Gregori ni mtu mzima, amekwisha kula chumvi yake. Wewe una wajukuu.

Usizunguke tena vituoni na huyo mama. Mwambie avumilie. Mwambie na kifua cha mumewe asikihofie sana, watu kama hao huwa wanapewa dawa.

Yale maneno ya usukani ni yake kweli, au wewe umeyaongeza? Aliyasema kwa hasira?

Cyprian


Madale
8 Juni 2024

Cyprian,

Sie ni wazima. Mama amerudi Ndanda.

Barua yako niliisomea jikoni, kisha nikaitia kwenye mkaa, nikakaa pale mpaka ikaisha. Nikodemu aliniuliza Cyprian anasemaje. Nikamwambia anasalimia.

Mie sikukuandikia kwamba Sebastian ana pumu. Nimejaribu kukumbuka labda niliandika nikasahau. Sikuandika. Hata mie nilikuwa sijui mpaka nilipomuuliza Gladness, kwa kuzungukazunguka, kama mumewe ana ugonjwa wowote. Akasema, "Ana pumu tangu mdogo, na siku ile dawa yake ya kuvuta aliiacha mezani." Kisha akanitazama. "Kwa nini unauliza, mama?" Nikamwambia ni kwa ajili ya maombi. Nimedanganya kwa jina la maombi.

Maneno ya usukani ni yake. Hakuwa na hasira. Ingekuwa hasira ningeogopa kidogo tu.

Jumamosi iliyopita walikuja vijana wawili kwenye jumuiya, wageni, mashati yamepigwa pasi. Wakasema wamehamia Madale. Rozari wameishika kama funguo. Tulipomaliza, mmoja akauliza, "Hivi haya majina ya watumishi nani anayaandaa?" Mzee Gregori akamjibu, "Ninyi mnaitwa nani, wanangu? Mnafanya kazi wapi? Wiki ijayo tutawaombea ninyi." Waliondoka bila chai. Tangu hapo tunasali kwa kunong'ona, na mama mmoja ameomba tusije tena nyumbani kwake.

Nimeogopa polisi, nimeogopa magari meupe, nimeogopa kila anayebisha hodi. Sikutegemea kwamba nitakuja kukuogopa wewe, niliyekubeba mgongoni.

Sikuulizi ulikuwa wapi siku ile. Nakuuliza hili moja, unijibu kwa Recho hata kwa neno moja: yuko hai?

Bernadeta


Dodoma
30 Juni 2024

Dada yangu,

Yuko hai.

Kituo alichopo sikiandiki. Nimemwambia Recho kwa mdomo, pamoja na jina waliloliandika pale, maana si jina lake. Gladness asiende peke yake. Atafute wakili, tena wakili asiyeogopa kupaza sauti, na waulizie kwa jina hilo la uongo. Wakitaja jina lake halisi wataambiwa hayupo na itakuwa kweli kwenye kitabu.

Sasa nikwambie, kwa kuwa umekwisha kujua.

Tulipewa safari ya Dar. Tukaambiwa ni mtu anayeiba nyaya za umeme. Mimi dereva siambiwi jina wala mtaa mpaka tunapokaribia. Tegeta tulisimama kununua maji, Recho hakukosea. Ndipo mkuu wa msafara akasema, "Kata kushoto, panda Madale." Nikaelewa kwamba naendesha kuelekea kwako. Nilivaa barakoa kwa sababu nilikuogopa wewe. Nilikuwa naomba usipite na kikapu chako cha sokoni.

Walipomwingiza garini, ametoka damu mdomoni kidogo, yeye akasema, "Habari za kazi, dereva." Dada, ni mazoea tu ya mtu mwenye adabu, lakini mimi nikaingiza gia. Tulipopita Kibaha akaanza kukosa pumzi. Akaomba kioo kishushwe. Nikakishusha. Mkuu akasema, "Pandisha." Nikakipandisha. Nilimsikia anavyovuta hewa nyuma ya kisogo changu, kama mtu anayepiga msumeno kwenye mbao mbichi. Mwisho nikasema, "Mkuu, huyu atatufia garini, tutamwandikaje?" Hapo ndipo wakaruhusu nisimame kwenye duka la dawa. Nilikwenda kuinunua mimi. Muuzaji akaniuliza, "Ya nani, ndugu yako?" Nikasema ndiyo.

Walimweka kwenye nyumba moja kwa wiki kadhaa, mimi nikiwa napeleka chakula getini. Walikuwa wanamuuliza nani anamtuma. Alikuwa anawajibu kwamba hakuna, ameuliza tu kibali. Sasa wamechoka naye, wamemtupa huko kituoni, na hakuna anayejua la kumfanya. Mtu asiyejulikana la kumfanya ndiye wa kumwogopea zaidi. Fanyeni haraka.

Gladness asijue ni nani aliyeleta habari. Na ukimaliza kusoma, jikoni.

Cyprian


Madale
21 Julai 2024

Mdogo wangu,

Sebastian yuko nyumbani kwake.

Sijui nianzie wapi. Wakili tulimpata kwa njia ya Nikodemu. Ni mama wa Kihindi, anaitwa Tazim, baba yake marehemu Pyarali alikuwa mnunuzi wa vinyago vyetu tangu enzi za baba mkwe. Nilimweleza habari. Akauliza, "Habari hii umeipata kwa nani?" Nikasema siwezi kusema. Akasema, "Vizuri, usiseme," akachukua mkoba.

Walikwenda kituoni yeye, Gladness na Mzee Gregori. Afande wa mezani alisema hakuna mtu hata wa lile jina la uongo. Tazim akamwambia kwa sauti ya kituo kizima kusikia, "Baba, fungua ukurasa. Nitakaa hapa, nitakula hapa, nitasali hapa." Wakakaa kutwa nzima kwenye benchi, na Mzee Gregori akawa anamwombea yule afande kwa jina lililoandikwa kifuani mwake, mpaka afande akageuza mgongo. Jioni wakamtoa. Hana kesi, hana karatasi. Gladness anasema alimpita mumewe bila kumtambua.

Amekonda. Hawezi kukaa chumba chenye mlango uliofungwa, na akisikia gari anasimama. Jumamosi alikuja jumuiya, akakaa karibu na kizingiti. Gladness akasema anataka kumshukuru Mungu kwa ajili ya mtu aliyeleta habari. Akanigeukia. "Mama Bernadeta, ni nani?" Nikasema, "Ni mtumishi wa serikali." Akaanza kumwombea huyo mtumishi, watoto wake, mikono yake. Sebastian akainuka akatoka nje. Hakurudi mpaka tulipomaliza.

Nadhani anajua. Labda hajui ni ndugu yangu, lakini anajua ni yule dereva.

Sasa naogopa kwa upande mwingine. Watauliza habari imetokaje. Ondoka huko, Cyprian. Ugua, fiwa, sema lolote, njoo nyumbani.

Dada yako,
Bernadeta


Dodoma
14 Agosti 2024

Dada Bernadeta,

Shikamoo. Monica na Editha nimewapakia basi leo asubuhi, wanakuja kwako. Monica hajui kitu, usimweleze mpaka apumzike.

Wamejua kwamba habari ilitoka kwa dereva. Tulikuwa madereva wawili tu kwenye ile kazi ya kupeleka chakula, mimi na Ismail, kijana wa Lindi, Mwislamu safi, hana maneno. Wamemchukua Ismail. Sijui kwa nini yeye. Labda kwa sababu aliwahi kulalamika kuhusu safari.

Juzi mkewe alikuja getini kwetu kazini. Nilikuwa naosha gari. Akaniuliza mimi, kwa kuwa ananifahamu, tulikula futari kwao mwaka huu. "Shemeji Cyprian, Ismail amesafiri?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Haya, nitamngoja hapa hapa," akatandika kanga akakaa. Niliendelea kuosha gari ambalo lilikuwa limekwisha kuwa safi. Nilipopita naye alikuwa bado amekaa.

Ningeweza kukimbia, kama ulivyosema. Nimelifikiria sana. Lakini nikikimbia wataamini tulikuwa wote wawili, na Ismail hatatoka.

Kesho asubuhi naingia kwa mkuu wa msafara kumwambia Ismail hajui lolote, ni mimi. Naogopa, dada. Huyo mkuu ndiye nataka mniombee, kwa sababu kesho yote yatakuwa mikononi mwake. Ana binti anasoma uuguzi, anampenda kupita kiasi. Huwa anamsubiri ampigie kabla ya kuanza safari. Mwombeeni mahali hapo, pengine pana upenyo.

Mpe Mama pole yangu kwa kila kitu.

Cyprian


Madale
7 Septemba 2024

Cyprian, mdogo wangu,

Monica yuko kwangu, na Editha ameanza kutembea. Alitoka kwenye kochi mpaka kwa Nikodemu, akaanguka kwenye vipande vya mpingo, akacheka. Mama amekuja, anasali tu.

Ismail ametoka. Alimpigia Monica kwa simu ya kuazima, akasema, "Mumeo aliingia ofisini kwa mkuu saa za asubuhi, mimi nikatolewa mchana. Yeye sikumuona akitoka." Akalia, akakata.

Tumekutafuta. Ofisini kwenu, alikotuelekeza mke wa Ismail, wanasema uliacha kazi mwenyewe. Vituoni hakuna mtu wa jina lako, na safari hii hatuna jina lingine la kuulizia.

Ikanibidi niende kwa Gladness. Nilimkuta Sebastian anafungua feni ya jirani, milango yote wazi. Nikasema nikiwa nimesimama, "Dereva ni mdogo wangu. Ndiye aliyeleta habari. Sasa wamemchukua yeye."

Hakuinua kichwa. Alikaza skrubu moja, akaikaza tena. "Alishusha kioo," akasema.

"Ndiyo."

"Akakipandisha."

Nikasema, "Ndiyo, baba. Akakipandisha."

Gladness alikuwa analia. Mie nikaondoka, maana sikuwa na haki ya kuomba kitu katika nyumba ile.

Jana asubuhi Sebastian akabisha hodi kwangu, ana begi dogo. Akakataa kuingia. Akasema, "Mama Bernadeta, sitaki nikudanganye, sijamsamehe. Huwa namsikia yule mtu anavyobadilisha gia, hata nikiwa usingizini. Lakini najua inavyokuwa kukaa kule huku hakuna anayekuulizia. Mie milango yao naijua, mingine nimeingizwa kwa kichwa. Nimeshaongea na Mama Tazim. Tunaondoka leo kumtafuta Dodoma."

Nilimwambia watamkamata tena. Akasema, "Wanaweza." Akatundika begi begani.

Leo jumuiya tulikuwa wachache mno, lakini tulisali kwa sauti. Tumemwombea mkuu wako wa msafara na binti yake. Gladness ndiye aliyeongoza. Wale vijana wenye mashati ya pasi walikuwepo tena, na mmoja, Nikodemu ni shahidi yangu, aliitikia amina.

Sina anwani ya kuandika juu ya bahasha. Nampa Recho, apande basi leo hii, amkabidhi Sebastian huko Dodoma. Yeye ataiweka juu ya kila meza ya kila kituo na kuomba wakupe. Basi kama unaisoma sasa hivi, maana yake kuna mahali wamekubali kwamba upo, na Sebastian amesimama hapo nje.

Dada yako,
Bernadeta